Mashimo ya madirisha ya besimenti: nipige kufuli au nifanyeje?

Mama Wawili:
Wakuu habari zenu. Nyumba yetu ina besimenti, na madirisha yake yako chini ya usawa wa ardhi, kwa hiyo nje ya kila dirisha kuna lile shimo la nusu duara, pembeni wamezungushia bati la migongo, chini kokoto. Sasa asubuhi moja nasikia kwaruu kwaruu kwenye kioo, kuvuta pazia nakutana uso kwa uso na chura mkubwa anajaribu kupanda kioo anateleza, anapanda anateleza, na pembeni yake wenzake wawili washakauka kama majani. Nikamtoa na ndoo. Kesho yake yupo tena!! (au ndugu yake, sijui)

Ila kilichonitoa usingizini kabisa sio chura, ni mwanangu wa miaka 3 aliyekuwa anakimbiza mpira akaja kusimama hatua moja tu kabla ya ukingo. Shimo lenyewe mimi nikisimama ndani linanifika kifuani. Baba watoto anasema tuweke grili ya nondo, kufuli kila kona, tusahau. Huko chini analala mdogo wangu. Mnaonaje?

Fundi Grili:
Dada, kufuli hapana, na mimi grili ndo kazi yangu. Hilo dirisha la chumba cha kulala ndio mlango wa dharura wa mdogo wako. Moto ukianzia upande wa ngazi anatokea wapi? Atafungua dirisha vizuri, atasimama kwenye shimo, halafu kichwani ana nondo na funguo ziko jikoni kwenye moshi.

Kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi zinazotumika sehemu nyingi za Marekani ziko wazi kwenye hili: kifuniko au grili ya dirisha la kutokea lazima ifunguke kwa ndani bila funguo, bila kifaa chochote. Na shimo likizidi kina cha inchi 44, kama sentimita 112 hivi, liwe na ngazi ya kudumu, vidato visiachane zaidi ya inchi 18. La kwako kwa maelezo yako linahitaji ngazi, pima.

Kingine watu wanakosea hapa: wananunua vile vifuniko vyepesi vya plastiki kama kuba, wanaona shimo limefunikwa roho zinatulia. Vile ni vya mvua na majani tu! Mtoto anakiona anadhani ni kiti, anapanda, kinapasuka. Bora hata shimo wazi, maana wazi unaliogopa. Tafuta cha polikaboneti nene (ile plastiki ngumu isiyopasuka ovyo) au grili nyepesi ya alumini, muuzaji akuonyeshe maandishi kinabeba kilo ngapi, na kiwe kinabeba mtu mzima bila kuyumba. Kisha mshushe mdogo wako ndani ya shimo, usiku, taa zimezimwa, akisukume mwenyewe. Akishindwa, hicho kifuniko sio. Angalia pia dirisha linafunguka hadi mwisho bila kugonga ngazi.

Bibi Bustani:
Mwanangu, swali la chura nikusaidie. Je mdogo wako anaacha taa inawaka usiku? Taa inaita wadudu kwenye kioo, wadudu wanaita chura, na chura akishaingia bati linamteleza hawezi kupanda. Jua likitoka anakauka kwenye kokoto. Nyoka naye anamfuata chura, hiyo sikutishi. Pazia zito, na toa majani makavu humo ndani maana ni hoteli ya wadudu.

Kama kifuniko ni grili, tandika juu yake wavu wa matundu ya nusu sentimita, wavu wa kuku haufai, vyura wadogo na panya wanapita. Na mpaka kifuniko kifike, weka ubao toka chini hadi ukingoni, mteremko wa polepole usizidi nyuzi 45, upigilie vipande vya mbao au taulo kuukuu wapate pa kushika. Kwetu aliwahi kutumbukia kicheche, wale wa milia wanaonuka. Nilishusha ubao taratibuuu, akaanza kupiga miguu chini na kuinua mkia, nikajua hapa nakaribia kuogeshwa, nikarudi nyuma nikafungia mbwa ndani. Asubuhi hayupo. Usimshike mnyama mwenye manyoya kwa mkono hata akiwa mdogo na wa kuhurumiwa, kichaa cha mbwa hakichagui.

Mguu Mbovu:
Mnaongelea watoto, mimi nina miaka 41 na nilitumbukia mwenyewe, nakata majani narudi nyumanyuma na mashine, sikumbuki hata kupiga kelele. Kifundo cha mguu wiki 6. Wekeni ukingo unaoonekana, hata safu ya matofali, mguu uguse kitu kabla ya hewa.

Mama Wawili:
Asanteni sana, baba watoto kasoma kimya kimya kisha akaenda kupima: sentimita 125. Ngazi imeshafungwa, kifuniko tumeweka cha polikaboneti. Jaribio la usiku tulifanya jana na nusura niliache, nikaona tunajisumbua tu. Mdogo wangu akasukuma, hakifunguki. Akasukuma kwa bega, hakifunguki, naanza kumlaumu fundi kimoyomoyo, kutoka nje na tochi nakuta chungu changu cha maua kimekaa katikati ya kifuniko. Nilikiweka mwenyewe mchana, nikaona pamependeza.

@Bibi Bustani shikamoo, ni kweli taa ilikuwa inawaka hadi asubuhi, anasema anaogopa giza, ana miaka 22. Tumemnunulia pazia. Chura jana alikuwa juu ya kifuniko anachungulia chini.

Bibi Bustani:
Marahaba. Huyo anaulizia taa yake.