Ulibuni kitu kazini, wakubwa wakakizima? Wa Kigoma na Tabora tupeane uzoefu

Mwana Ujiji: Leo nimepita mwaloni Katonga nimekuta chanja za kuanikia dagaa zimegeuzwa uzio wa kuku. Dagaa wako chini mchangani kama zamani. Kwenye chanja upepo unapita juu na chini, dagaa anakauka upesi bila mchanga. Ila hizi walizichonga pana, mkono wa mama haufiki katikati. Aliyechora hakumuuliza anayeanika! Kwenu ilikuwaje?

Mnyamwezi Asilia: Umesema kweli. Tabora kikundi chetu kililetewa mizinga ya nyuki ya masanduku, wazee wakabaki na magogo yao.

Binti Mwandiga: Uzi huu umenigusa. Nilikuwa karani kwenye kiwanda kidogo cha mawese. Mashine ya kuponda chikichi ilikuwa na shafti wazi, kile chuma kinachozunguka. Fundi mmoja kijana akakata bati la pipa, akalikunja, akalifunga juu ya shafti kwa bolti ili lifunguke wakati wa kupaka grisi. Meneja alipolikuta akauliza, "Nani kakutuma?" Likang'olewa mbele yetu, tukanyamaza wote. Msimu uleule mama mmoja aliinama kuzoa chikichi, pindo la kitenge likashikwa na shafti, likaanza kumvuta. Yule yule fundi akauchomoa mkanda wa mashine kwa fimbo nene. Mama alipona, lakini mkono wake haukurudi ulivyokuwa. Bati lilikuwa limeegemezwa ukutani pale pale.

Wa Kasulu: Jamani! Alilipwa?

Binti Mwandiga: Nauli ya hospitali tu.

Fundi Gungu: Hilo kosa la mashine, msisingizie utamaduni wa kazi. Shafti inatakiwa ije na kava.

Binti Mwandiga: Kava lilikuwepo mkuu, mtu ndiye aliyeling'oa!

Mwalimu Mstaafu: Kwenye viwanda vya magari vya Toyota mfanyakazi yeyote akiona kasoro anavuta kamba au anabonyeza kitufe, kiongozi wake anakuja, isiporekebishwa, kazi inasimama. Kamba hata sisi tunayo. Tunachokosa ni kiongozi wa kuja bila kugomba.

Fundi Gungu: Huku ukiivuta, kesho huna kazi.

Mnyamwezi Asilia: Andika barua, baki na nakala.

Mwana Ujiji: Barua inaishia kwenye droo. Tengeneza, waone kinafanya kazi.

Mwalimu Mstaafu: Haitoshi. Steve Sasson, mhandisi wa Kodak, kampuni ya filamu za kamera, aliwaonyesha wakubwa wake kamera ya dijitali aliyoiunda mwaka 1975, wao wakang'ang'ania filamu. Mwaka 2012 kampuni ikaomba mahakama iikinge na wadai kwa kufilisika.

Mama Dagaa: Mwache bosi aamini wazo ni lake, litapita asubuhi tu.

Wa Kasulu: Dada, huyo fundi yuko wapi siku hizi? Nina mashine ya kusaga, mkanda uko wazi na watoto wanaleta mahindi.