Naomba ushauri: nyimbo zipi za Beyoncé zitatusaidia kujadili mwelekeo wa sehemu ya tatu ya mradi wake?

Mleta mada

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nipo katika kundi dogo la wasikilizaji ambao huchagua albamu, wakaisikiliza kwa pamoja, kisha wakaijadili kwa kina. Kikao kijacho nimepewa mimi kukiongoza, na mada tuliyokubaliana ni kazi mbili za karibuni za Beyoncé, yaani Renaissance iliyotoka tarehe 29 Julai 2022 na Cowboy Carter iliyotoka tarehe 29 Machi 2024, pamoja na swali ambalo mashabiki wake hawachoki kuulizana: kwa kuwa yeye mwenyewe alikwisha kueleza kwamba mradi huu una sehemu tatu, hiyo ya tatu itaelekea kwenye muziki gani?

Ugumu wangu ni kuchagua. Renaissance ina nyimbo 16, nyingi zikiwa zimeunganishwa bila kituo, kwa hiyo wimbo ukiutoa peke yake unaanza ghafla na kukatika ghafla. Cowboy Carter ina vipande 27, vikiwemo vifupi vya mazungumzo, na kuimaliza kunachukua zaidi ya saa moja na robo. Haiwezekani kuzisikiliza zote mbili na bado tukabaki na muda wa kuzungumza.

Kuna ugumu mwingine unaonisumbua zaidi. Kundi limegawanyika hata kabla ya kuketi. Wengi wanasema sehemu ya tatu ni roki, lakini ukiwauliza ushahidi wanakuonyesha mavazi, picha na uvumi wa mitandaoni. Wengine wanasema ni wakati wa kurudi kwenye R&B, muziki wa watu weusi wa Marekani aliokulia ndani yake kisanii, na ukiwasikiliza vizuri unagundua kwamba hawatabiri, bali wanaeleza wanachokitamani. Ningependa mjadala wetu usimame juu ya muziki wenyewe, yaani juu ya kitu ambacho kila aliyehudhuria amekisikia kwa masikio yake. Mimi binafsi naamini ufunguo uko katika "Ya Ya", wimbo wa Cowboy Carter, kwa jinsi inavyokimbia na kwa namna anavyoisukuma sauti yake hadi ikakwaruza. Naomba mnishauri nichague nini, na nikipange vipi.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hongera kwa kuchukua jukumu hilo. Mimi nimo katika kambi ya roki, ila nakubaliana nawe kwamba picha si hoja, na hoja ninayo ndani ya albamu yenyewe.

Usianze na "Ya Ya". Anza na kipande cha sita cha Cowboy Carter, kile ambacho Willie Nelson, mkongwe wa muziki wa kantri, anaigiza kama mtangazaji wa redio. Watu wengi hukiruka kwa kudhani ni maneno tu. Kabla Nelson hajazungumza, redio inatafutwa stesheni, na katika kule kutafuta tunasikia vipande vya rekodi za zamani, miongoni mwake za Son House, mwimbaji wa bluzi, Sister Rosetta Tharpe, na Chuck Berry, mmoja wa waanzilishi wa roki. Tharpe alikuwa mwimbaji wa injili aliyepiga gitaa la umeme kwa ukali ambao waanzilishi wa roki walikuja kuufuata. Aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, taasisi inayowaenzi magwiji wa roki, mwaka 2018, akiwa amefariki tangu 1973. Kipande cha Berry kinachosikika ni "Maybellene" ya mwaka 1955, na hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu, kwa sababu wimbo huo Berry aliujenga juu ya "Ida Red", wimbo wa zamani wa fidla uliokuwa maarufu kwa wapenzi wa kantri. Maana yake ni kwamba mojawapo ya rekodi za kwanza kabisa za roki ni wimbo wa kantri uliofanyiwa kazi upya na mwanamuziki mweusi. Katika albamu inayodai nafasi ya watu weusi katika kantri, siamini kwamba wimbo huo ulichaguliwa kwa kubahatisha. Redio ikishatulia, kinachofuata ni "Texas Hold 'Em", ambamo banjo inapigwa na Rhiannon Giddens, mwanamuziki ambaye kwa miaka mingi ameeleza kwamba chombo hicho asili yake ni Waafrika waliopelekwa utumwani.

Sasa nenda moja kwa moja hadi "Ya Ya", na usiizime inapokwisha, kwa sababu kinachofuata ni "Oh Louisiana", sauti ya Chuck Berry tena, safari hii ikiwa imeongezwa kasi. Berry anasikika mara mbili katika albamu moja, na mara ya pili amewekwa mlangoni mwa sehemu ambayo kantri inaanza kutoweka. Kwangu mimi huo ni mkono unaoelekeza.

Na iwapo wenzako watasema kwamba hana uzoefu wa roki, warudishe kwenye Lemonade, albamu yake ya mwaka 2016. "Don't Hurt Yourself", alioimba pamoja na mwanamuziki wa roki Jack White, uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy katika kipengele cha uimbaji wa roki. Katika albamu hiyohiyo kuna "Daddy Lessons", ambao ulikuwa kantri kabla hatujajua kwamba kantri ingefuata. Mbegu zote mbili zilipandwa mwaka mmoja, moja imekwisha kuota.

Mchangiaji wa pili

Kwa ufupi tu. Wakumbushe wenzako kwamba Beyoncé mwenyewe alieleza mambo mawili: kwamba sehemu zote tatu alizirekodi katika miaka mitatu ya janga la korona, na kwamba awali alikusudia Cowboy Carter itangulie, akabadilisha mpangilio kwa kuwa dunia ilikuwa na uzito mwingi na watu walihitaji kucheza. Kwa hiyo hoja za aina ya "ameshapata tuzo ya albamu ya mwaka, sasa atafanya hivi" hazina mguu. Tuzo hiyo ya Grammy aliipata Februari 2025, kwa Cowboy Carter, wakati msingi wa kazi ulikwisha kuwekwa.

Mchangiaji wa tatu

Nimesoma hoja ya mchangiaji wa kwanza kwa makini na naiheshimu, lakini naona inatufikisha mahali pembamba kuliko albamu yenyewe. Kabla Cowboy Carter haijatoka, Beyoncé aliandika kwamba hiyo si albamu ya kantri, bali ni albamu ya Beyoncé. Tumekuwa tukiinukuu kauli hiyo kama majigambo, ilhali ni maelezo sahihi kabisa ya kilichomo. Sikiliza "Daughter", ambamo katikati ya simulizi la hasira anaingiza "Caro mio ben", wimbo wa Kiitaliano wa karne ya 18, na kuuimba kwa sauti ya opera. Sikiliza "Spaghettii", ambao Linda Martell anaufungua kwa kuhoji maana ya kuugawa muziki katika aina, kisha Beyoncé anachana mistari. Martell ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake katika jukwaa la Grand Ole Opry, onyesho mashuhuri la muziki wa kantri, mwaka 1969, na kumpa yeye maneno hayo ni kusema kwamba aliyefungiwa nje ana haki ya kuuliza nani aliujenga uzio. Halafu sikiliza kuanzia "Riiverdance" hadi "Sweet ★ Honey ★ Buckiin'": miguu inarudi kwenye ukumbi wa dansi, karibu na pale Renaissance ilipotuacha.

Vivyo hivyo kwa wale wanaodai arudi R&B. Hakuwahi kuondoka. Renaissance tunaiita albamu ya haus (house) na disko, yaani muziki wa kumbi za dansi, lakini "Cuff It" ulishinda Grammy ya wimbo bora wa R&B na "Plastic Off the Sofa" ukashinda ile ya uimbaji wa R&B ya asili, zote Februari 2023. Wanaolalamika kwamba ameiacha R&B wamsikilize tena katika "Virgo's Groove", zaidi ya dakika sita za sauti zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kisha waniambie nini kimepungua.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ubadilishe swali. Ukiuliza "ni aina gani?", watu watapiga kura na kikao kitakwisha. Ukiuliza "anafanyaje kazi anapoingia katika muziki ambao wengine wamejimilikisha?", utapata jibu linalozihusu albamu zote mbili: anawatafuta waliosahaulika, anawapa nafasi ya kusikika kwa sauti zao wenyewe, kisha anaimba nyimbo zake pembeni yao. Sehemu ya tatu ikiwa roki, ikiwa injili, au ikiwa kitu tusichokitarajia, naamini utaratibu huo hautabadilika.

Mchangiaji wa nne

Naomba niongeze upande ambao haujaguswa. Mwaka 2019, katika albamu ya The Lion King: The Gift, aliwashirikisha wanamuziki wengi wa Afrika, na "Spirit", wimbo alioutoa mwaka huohuo kwa ajili ya filamu, unafunguliwa kwa maneno ya Kiswahili, lugha yetu hii. Kwa nini tusitarajie kwamba sehemu ya tatu itaelekea huku?

Mleta mada

Nawashukuru sana, na nimejifunza mengi. Dada wa hapo juu, nami ningefurahi mno, na Tems, mwimbaji wa Nigeria, tayari yumo katika "Move" ya Renaissance pamoja na Grace Jones. Hata hivyo, mfululizo huu hadi sasa umechimba historia ya muziki wa Marekani, kwanza kumbi za dansi, kisha kantri, na naona safari ya Afrika aliifanya katika kazi tofauti yenye makusudi yake. Nitaitaja, ila sitaijengea kikao.

Kwa mchangiaji wa tatu: nimelipokea swali lako na ndilo nitakaloliweka mbele. Lakini sikubali kwamba kutaja aina ni wembamba. Mtu akisema "roki" akamaanisha Tharpe na Berry, hajataja fungu la dukani, ametaja watu walionyimwa haki yao, na hilo ndilo hasa unalosema wewe. Nadhani ninyi wawili mko karibu zaidi kuliko mnavyodhani.

Lililobaki ni namna ya kuwafikia wasioijua historia hii. Katika kundi letu wapo vijana ambao hawajawahi kumsikia Chuck Berry, na nikianza kuwahutubia kuhusu mwaka 1955 nitawapoteza.

Mchangiaji wa tano

Usihutubie. Wasikilizishe kwa jozi, wimbo wa zamani kwanza na wa Beyoncé baadaye, bila kusema lolote katikati. Nimeongoza vikao vya namna hii na nimeona kwamba msikilizaji akigundua uhusiano mwenyewe hubaki nao. Ukimwambia, huitikia kwa kichwa na kusahau.

Jozi ya kwanza iwe "I Feel Love" ya mwimbaji wa disko Donna Summer, ya mwaka 1977, ikifuatiwa na "Summer Renaissance", ambao unafunga albamu ya kwanza. Hiyo ni rahisi, kila mtu ataunasa uhusiano huo mara moja, na ndiyo maana inafaa kutangulia. Wape muda waseme ni nini kimechukuliwa na nini kimeongezwa: mashine za sauti za Giorgio Moroder, mtayarishaji wa wimbo huo, zinavyojirudia bila kuchoka, na jinsi sauti ya mwanamke inavyoelea juu yake. Jozi ya pili iwe "Maybellene" yote, ambayo haifiki dakika tatu, ikifuatiwa na kipande cha Nelson na "Texas Hold 'Em" bila kusimama. Hapo watasikia sekunde chache za wimbo waliotoka kuusikia, zikipita ndani ya redio kabla ya banjo, nawe huna haja ya kueleza kitu.

Baada ya jozi hizo mbili piga "Spaghettii", kisha "Ya Ya" na "Oh Louisiana" kama ulivyoshauriwa, halafu "Don't Hurt Yourself" mwishoni ingawa ni wa zamani zaidi. Sababu ya kuuweka mwisho ni kwamba atakayeusikia baada ya "Ya Ya" ataweza kulinganisha ukali wa aina mbili: ule wa kushangilia na ule wa kuumizwa. Kama kweli sehemu ya tatu ni roki, mashabiki wanapaswa kujiuliza anakusudia ukali upi, na swali hilo mimi naliona zito kuliko ubishi wote juu ya aina ya muziki.

Jambo moja tu la tahadhari: tumia rekodi kamili zenye ubora mzuri. Vipande vya redio vimechanganywa chini sana, na kwenye spika hafifu ya simu hakuna atakayemtambua Tharpe.

Mleta mada

Nimeafiki mpangilio huo karibu wote. Nitabadilisha kitu kimoja: "Virgo's Groove" nitauingiza baada ya jozi ya kwanza, ili wale wa R&B wapate haki yao mapema na wasikae kikao kizima wakisubiri. Nani ana hoja ya kuniongezea wimbo mmoja wa mwisho?

Mchangiaji wa kwanza

"16 Carriages", wa Cowboy Carter pia. Gitaa la chuma (steel guitar, linalopigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi) unalolisikia humo linapigwa na Robert Randolph, ambaye alijifunza chombo hicho kanisani, katika utamaduni wa makanisa ya watu weusi ya Kipentekoste waliolifanya gitaa hilo kuwa sauti ya ibada. Ni kantri kwa jina, kinachosikika ni injili, na mlio wenyewe unapopanda unakaribia kabisa roki. Uweke kabla tu ya "Spaghettii", kisha mwulize mchangiaji wa kila upande mezani kwenu auite anavyotaka.