Utafiti wa afya: mtoto wa miaka mitano aulizwe mwenyewe, au mzazi anatosha?

Mwalimu wa maandalizi, Konde

Assalaam aleykum ndugu zangu. Pemba watafiti hawakatiki: kichocho, minyoo, malaria. Maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi ipo tangu mwaka 2000. Wanaotoa mkojo, choo na damu ni watoto, lakini fomu anatia saini mzazi, maswali anajibu mzazi, mtoto anaambiwa "simama hapa". Mimi nasema naye asikilizwe, kwa njia za umri wake.

Dodoso halimfai. Mpe karatasi na kalamu za rangi achore siku ya kupimwa, kisha akueleze alichochora. Au mwache acheze. Darasani kwangu, wapimaji walipoondoka, watoto walicheza udaktari kwa mwanasesere. Mmoja akampeleka nyuma ya mlango kwanza, ndipo akampa kikopo. Nikamuuliza kwa nini. "Wenziwe wanamtizama."

Sasa fikirini. Mkojo wa kupimia kichocho hutakiwa kati ya saa nne na saa nane mchana, mayai ya mdudu wa kichocho yanapotoka kwa wingi, na saa hizo skuli imejaa. Mtoto mwenye haya anaweza kutia maji, au mkojo wa mwenzake, akaandikwa mzima. Mama yake atalijuaje hilo?

Tena mwambie mtoto akutembeze mtaani, akuoneshe anapooga na anapochezea. Konokono wanaobeba kichocho wako kwenye mito na mabwawa, na mzazi atakuapia kuwa wake haendi mtoni.

Baba wa watatu, Chake Chake

Mwalimu, nakuheshimu, lakini mtoto leo anasema hili, kesho lile. Ukimuuliza kama anataka sindano, nani atakubali? Tuache kutibu? Na hizo picha nazo! Mtoto kachora jua jeusi, mgeni anaandika kwamba ana huzuni, kumbe kalamu ya manjano imechukuliwa na mwenzake.

Muuguzi, Wete

Kwenye picha baba yuko sawa. Mchoro usifasiriwe bila maneno ya mtoto mwenyewe. Lakini tusichanganye tiba na utafiti. Mgonjwa atatibiwa hata akilia. Utafiti ni hiari. Azimio la Helsinki, yaani maadili ya madaktari duniani kuhusu utafiti kwa binadamu, linataka ridhaa ya mtoto anayeweza kuitoa, juu ya ile ya mzazi, na akikataa aheshimiwe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unampa haki ya kutoa maoni yake kwenye mambo yanayomhusu.

Ninachokiogopa mimi ni mahali anapoulizwa. Mbele ya mwalimu atasema anachodhani kinatakiwa. Kwa hiyo hata wewe, mwalimu, usiwepo.

Mwalimu wa maandalizi, Konde

Nitatoka, bibie, bila kinyongo. Na baba, swali la "unataka sindano?" hata mimi silitaki. Aulizwe angependa nani amshike, na apimwe wapi pasipo macho ya watu. Hayo ya mtoto yakisikilizwa, utafiti wenyewe unakuwa wa kweli zaidi.

Ningependa kila anayeomba kibali cha kupima watoto Zanzibar aandike mambo mawili: mtoto atakataa kwa njia gani, na nani atarudi kumweleza kilichopatikana. Wazee wa Micheweni na Mkoani ambao watoto wenu wamewahi kupimwa, mlipata wasaa wa kumuuliza mtoto kabla ya kutia saini?