MJADALA: Ni sifa za mhusika ama ni uamuzi wake? Okonkwo, Nora na bibi ya Lwanda Magere wote waletwe hapa

Mwalimu wa Kondele

Habari za jioni watu wa ziwa na watu wa bonde. Nimeleta ubishi, asiyependa ubishi apite polepole.

Wiki hii nimesahihisha karatasi za fomu foo hadi macho yakawa mekundu. Swali lenyewe mnalijua tangu enzi zenu, taja sifa sita za mhusika fulani, maki sita. Darasa zima wameandika mkali, katili, jasiri, mwenye bidii, mwenye hasira, basi, kama mtu anaenda soko la Kibuye na orodha ya vitu vya nyumba. Maki wamepata na ni mimi niliwafundisha hivyo kwa hivyo siwacheki. Lakini nimekaa nikaona tunawanyima utamu wote. Sifa haijawahi kumfanyia mtu chochote, kinachosukuma hadithi ni pale mtu amesimama njia panda, huku kunauma na kule kunauma, na lazima aende.

Chukueni Okonkwo wa Achebe, kitabu cha 1958 Things Fall Apart, wengine mlikisoma kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo. Kwa mwenye hajasoma: kijana Ikemefuna analetwa Umuofia, kijiji cha Okonkwo, kama fidia juu mwanamke wa huko aliuawa sokoni Mbaino, anakaa kwa Okonkwo miaka mitatu, anamwita baba. Alafu mungu wa milimani na mapangoni anasema kijana auawe. Mzee Ezeudu anatoka kwake mpaka kwa Okonkwo kumwambia huyo mtoto anakuita baba, usitie mkono wako kwenye kifo chake. Si angebaki tu nyumbani aangalie viazi vikuu vyake? Akaenda. Na kijana alipopigwa panga la kwanza akamkimbilia yeye akilia baba wameniua, Okonkwo akachomoa panga lake akammaliza, kwa kuogopa tu asionekane mnyonge.

Mimi nasema pale hakuna mungu wala mila, ni yeye. Alichagua. Nani anapinga?

Jakano

Mimi napinga na hata chai sijamaliza. Mwalimu umeruka babake. Unoka alikuwa mtu wa zumari na pombe na madeni, akafa na ugonjwa wa kuvimba, akapelekwa msitu wa mauti hata kuzikwa kama watu hakuzikwa. Mtoto amekulia hiyo aibu, kila akitembea anaona watu wanaona Unoka. Sasa huyo unamwambia alichagua? Mtu akichomwa na maji moto utotoni, akitoa mkono haraka karibu na sufuria hiyo si kuchagua, mkono umejitoa wenyewe.

Mwalimu wa Kondele

Jakano omera umesema vizuri lakini umemsahau Obierika. Kijiji ni kile kile, mungu ni yule yule, rafiki yake wa karibu kabisa. Obierika alibaki nyumbani, na Okonkwo alipomuuliza mbona hukuja akamwambia hata kama mungu angesema mtoto wangu mimi auawe, singebishana naye na pia singekuwa mimi wa kufanya hiyo kazi. Kumbe kulikuwa na mlango wa tatu. Hapo ndipo Achebe alikuwa fundi, amemweka mtu mwingine ndani ya mila hiyo hiyo kusudi tusiseme ati mila ilimlazimisha.

Jakano

Obierika hakuwa na Unoka. Wacha nirudi.

Dada wa Milimani

Na kitu huwa kinaniudhi, adhabu alikuja kupewa ya bunduki iliyofyatuka kwa bahati mbaya kwenye matanga ya huyo huyo Ezeudu ikaua kijana wa marehemu. Miaka saba ukimbizini Mbanta kwa kosa hakukusudia. Lile alilokusudia hakuna mtu alimuuliza hata swali moja. Ni mtoto wake Nwoye tu ndiye aliuliza kimoyomoyo, na jibu lake akalipata kwa wamisheni.

Jakano

Nimerudi. Sawa tuachane na Umuofia ni mbali, tuje hapa kwetu Kano, upande wa Kisumu. Kila mtoto wa hapa amesimuliwa Lwanda Magere, jamaa mwili wake ulikuwa jiwe, mkuki ukimfikia unateleza, Lang'o, ndio Wanandi, wakachoka kupigwa wakamletea msichana mrembo ati tufanye amani. Wazee wakamwambia usimchukue. Akachukua, akawa mke wake. Siku ameshikwa na homa bibi akatumwa amchanje ampake dawa, wembe unakataa mwili, jamaa akamwambia chanja kivuli. Damu ikatoka. Usiku huo huo bibi akapotea akaenda kwao, na vita iliyofuata wakachoma kivuli kwa mkuki, akafa akageuka jiwe. Sasa mwalimu hapo uamuzi ni wa nani? Mimi nyanya yangu alikuwa akifika kwa huyo bibi anatema mate chini.

Binti wa Majani Chai

Chamgei. Nimekuwa nikisoma kimya lakini hapo kwa mate lazima niingie 😂

Nyanya yako alitema mate, kwetu upande wa Nandi mimi nilivyosikia huyo dada ni shujaa. Hebu muweke kwa mizani. Kaka zake wanakufa kila msimu, wazee wanamwita wanamwambia wewe ndiye silaha imebaki, nenda ukalale nyumba ya mtu aliyeua watu wenu ujue siri yake. Hakuna mtu alimuuliza anataka ama hataki. Amefika huko pengine jamaa akamtendea vizuri, si alimwamini hadi akamwonyesha kivuli? Ule usiku baada ya kuona damu alikaa muda gani mlangoni kabla ya kutoka? Hiyo hakuna mtu husimulia. Hata jina hapewi, ni bibi ya Magere tu. Mwanaume amebaki na jiwe watu wanaenda kunolea mikuki ipate bahati, mwanamke amebaki na mate ya nyanya yako.

Jakano

😂😂 Dada nimekubali kupigwa. Lakini bado alisaliti.

Binti wa Majani Chai

Alisaliti nani? Angenyamaza angesaliti kwao. Hakukuwa na mahali pa kusimama asimsaliti mtu.

Mwalimu wa Kondele

HAPO. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo nilikuwa nikitafuta tangu jioni.

Mlamu Aliyekwama Kisumu

Wabara mna mambo. Na sisi pwani tuna Fumo Liyongo, utenzi wake aliuandika Muhamadi Kijumwa mwaka 1913 lakini hadithi yenyewe ni ya kale mno. Naye hakuingiwa na silaha, ila sindano ya shaba kitovuni. Sultani wa Pate akamwita mwana wa Liyongo, akamwahidi kumwoza binti yake, kijana akamwendea baba akamuuliza, na baba akamwambia kwa kinywa chake. Kijana akamdunga amelala. Liyongo akainuka akatoka akapiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, akafia pale pale, na mji mzima ukakaa na kiu juu hakuna aliyethubutu kusogea wakidhani yuhai, hadi mamake akaitwa.

Mie huwa najiuliza hivi: Magere alisema mwenyewe, Liyongo alisema mwenyewe. Mtu aliyeyashinda majeshi anatoboa siri yake chumbani. Nyinyi mnabishana juu ya mke na mtoto, na uamuzi wa kwanza ulikuwa wa hao wanaume wenyewe. Nadhani walichoka kuwa jiwe. Mtu akitaka kupendwa lazima aonyeshe pahali panapoingia sindano.

Nyar Seme

Mlamu umeniua, hiyo ya sindano naenda nayo kwa chama kesho.

Sasa mimi si mwalimu, niko na kibanda cha nguo Kibuye, lakini mtoto wangu alikuwa na setibuku ya shule, mchezo wa kuigiza wa Ibsen, A Doll's House, nikaisoma usiku akilala. Nora ana bwana mgonjwa, daktari amesema bila kupelekwa Italia huyu anakufa, na bwana ni mtu wa kichwa ngumu hataki kusikia neno deni, so anaenda kwa Krogstad kukopa kimyakimya na anaghushi sahihi ya babake, tena kwa haraka akaandika tarehe baba ameshafariki, ndipo akanaswa. Nilifunika kitabu nikacheka peke yangu. Huyo Krogstad si ni shailoki tu! Nilishakopa kwa shailoki karo ya muhula, mzee wa nyumba hakujua, nikalipa mwaka mzima nikidanganya ati biashara ni mbaya. (Na mwalimu aliniambia hili neno shailoki lenyewe limetoka kwa Shakespeare, mchezo ule Nyerere alitafsiri 1969 akauita Mabepari wa Venisi. Shailoki anadai ratili ya nyama ya mtu. Wetu wanadai friji.)

Kuna mtu aniambie Nora alikosea wapi.

Mzee wa Bungoma

Mulembe dada yangu. Kukopa hakukosea, hata kughushi nitamwachia Mungu, aliokoa mtu. Alikosea mwisho. Watoto watatu wamelala, mama anachukua begi anafunga mlango anaenda. Bwana alishamsamehe! Uamuzi huo mimi ndio sikubali watoto wetu wafundishwe kama ushujaa. Nimelea watano baada ya mama yao kutangulia mbele ya haki, najua nyumba isiyo na mama inalia vipi usiku.

Nyar Seme

Pole mzee wangu, hilo siwezi kubishana nalo.

Lakini alisamehewa saa ngapi? Barua ya Krogstad ilipofika, Torvald bwanake alimwita mwongo na mhalifu, akamwambia watoto hatawalea tena. Dakika chache baadaye hati ya deni ikarudishwa, hatari imeisha, jamaa anaruka ati nimeokoka. Nora anamuuliza, na mimi? Miaka minane Nora amebeba hilo deni akilipa kidogo kidogo, anashona na kunakili makaratasi usiku, alafu mtu anasema NIMEOKOKA. Mzee hapo ndio aliona hakuna ndoa, kuna mtu mmoja na kitu chake cha kuchezea.

Mwalimu wa Kondele

Na mzee wa Bungoma hayuko peke yake, asidhani ni ushamba. Mchezo ulitoka Desemba 1879, na Ujerumani mwigizaji mmoja mashuhuri akakataa katakata kuigiza mama anayeacha watoto. Ibsen akaona heri aharibu mwenyewe kuliko aharibiwe na mwingine, akaandika mwisho wa pili ambapo Nora anaonyeshwa watoto wamelala akashindwa kuondoka. Mwenyewe aliuita huo mwisho ushenzi. Sasa angalieni, sifa za Nora zote ni zile zile kwenye miisho yote miwili, mkarimu, mwongo kidogo, mpenda peremende. Kilichobadilika ni hatua moja mlangoni, na mchezo wote umegeuka kitu kingine.

Jakano

Sawa hapo umenipata kidogo. KIDOGO.

Mnakuru

Sijui kama hii inahusiana, admin mkitaka mfute.

Januari 2008, zile fujo za baada ya uchaguzi, tulikuwa Nakuru, nilikuwa darasa la saba. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa wa kabila lingine, ana kijana rika yangu tulikuwa tunaenda shule pamoja. Ule usiku mbaya walikuja wote wawili kwa mlango wa nyuma, baba na mtoto. Mama akafungua kidogo, akavuta kijana ndani, akamwambia baba mtu, wewe siwezi, wakipata mwanaume humu watatumaliza sote. Akafunga. Vijana walipokuja na panga akawaambia hawa wote ni wangu, na yule rafiki yangu akamwita kwa jina la ndugu yangu aliyefariki. Wakaondoka.

Baba mtu hakufa. Alipita mtaroni akafika shoground kwenye kambi, siku ya tatu mama akampeleka kijana kwake. Sasa hivi yule rafiki yangu ana watoto, wakija Nakuru lazima wapitie kwa mama wale. Lakini mzee, mpaka leo akimwona mama sokoni anavuka barabara. Na mama hasemi kitu juu ya kijana aliyeokoa, hata ukimsifu anageuza maneno. Anaongea juu ya mlango tu. Ati alisikia mkono wa yule mzee umebaki kwa kitasa upande wa nje muda mrefu kabla hajauachilia.

Mwalimu unasema kulikuwa na mlango wa tatu. Mimi nimeutafuta kwa mama miaka yote hii.

Binti wa Majani Chai

Aki pole. Mfikishie mama salamu zetu.

Dada wa Milimani

Hakuna mtu atafuta hii.

Mwalimu wa Kondele

Ndugu wa Nakuru, nimeandika jibu nikafuta mara tatu.

Nilianza huu mjadala nikijiona hakimu, ati Okonkwo alichagua, kesi imeisha. Bado kwa Okonkwo nasimama hapo hapo, kubaki nyumbani kusingemgharimu chochote ila maneno ya watu, Obierika alibaki na hakuna aliyemgusa. Kwa mama sina la kusema. Kama angekuwa kwa kitabu na nikapewa maki sita za sifa zake ningeandika jasiri na mwoga kwa mstari mmoja, na mtahini angenikata. Jakano hapo nakupa pointi yako, kuna saa mkono unajitoa wenyewe.

Jakano

Hiyo pointi sikuitaka ije hivyo mwalimu.

Mzee wa Bungoma

Mimi nimemsoma huyu kijana nikarudi kufikiria Nora tena. Sijabadilisha msimamo. Lakini nitakisoma hicho kitabu chenyewe, nilikuwa nabishana kwa kusimuliwa.

Nyar Seme

😂 Mzee njoo Kibuye nikuazime, iko na mafuta ya mandazi ukurasa wa mwisho.

Fomu Foo Mteswa

Mwalimu samahani nimesoma yote kutoka juu. Kesho tuna karatasi ya pili na swali la sifa ni lazima liko. Sasa niandike sifa ama niandike uamuzi???

Mwalimu wa Kondele

Andika sifa. Sita, kila moja na mfano wake kutoka kwa kitabu. Na uzime hiyo simu ulale, nimeijua shule yako kwa hiyo picha.