Mwenye kinga imara ana shimo pafuni, mwenye kinga dhaifu picha yake ni safi: kwa nini?

Mwanafunzi_Wodini
Ndugu wanajukwaa, salaam. Niko mazoezini katika wodi ya kifua kikuu, na wagonjwa wawili wamenitatiza. Mmoja ni fundi seremala kijana asiye na VVU: anakohoa damu, eksirei inaonyesha shimo kubwa upande wa juu wa pafu la kulia, na makohozi yake yamejaa vimelea. Mwingine ni mama anayeishi na VVU, CD4 zake, yaani seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, ziko chini ya 100. Picha yake karibu haina doa, hadubini haikuona kitu kwenye makohozi, ilhali yeye ndiye aliye hoi zaidi. Nilifundishwa kwamba kinga ikiwa imara ugonjwa huwa mwepesi. Mbona hapa sioni hivyo?

TabibuMkongwe
Ulichofundishwa ni kweli, ila ni nusu ya habari. Shimo uliloliona kwa kiasi kikubwa limechimbwa na mwili wenyewe. Vimelea vikivutwa hadi kwenye vifuko vya hewa humezwa na makrofaji, seli za kinga zinazomeza wavamizi, kisha seli za CD4 hufika na kutoa kemikali ya interferoni gama inayozipa makrofaji hizo nguvu ya kuua, na kwa pamoja huvizingira vimelea ndani ya granuloma, yaani fundo la seli za kinga. Kwa wengi mambo huishia hapo, ndiyo maana kati ya walioambukizwa wasio na VVU ni asilimia 5 hadi 10 tu wanaougua maishani. Kwa fundi wako mapambano yamepamba moto: kiini cha granuloma kimekufa na kulainika kama jibini, na seli za kinga zimemwaga vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, yaani nyuzi zinazolishikilia pafu. Uozo huo ukipata njia ya hewa hukoholewa nje na kuacha tundu lenye oksijeni tele, ambamo vimelea huzaana bila kizuizi. Mama hana seli za kutosha kuchimba shimo, wala za kuvizuia vimelea visisambae kwa damu hadi kwenye tezi, ini, wengu na utando wa ubongo. Kwake usiyategemee makohozi pekee. Ulizia kipimo cha mkojo cha LAM, kinachotafuta kipande cha ukuta wa vimelea vya kifua kikuu.

Mfamasia_K
Niongeze habari ya TNF, kemikali inayosaidia kuishikilia granuloma. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba wagonjwa waliopewa infliximab, dawa inayoizuia TNF, walikuwa wakipata kifua kikuu, mara nyingi kilichosambaa nje ya mapafu. Hata hivyo, ikizidi, TNF hiyohiyo huua makrofaji na kuviachia vimelea vilivyomo. Huenda ndiyo sababu moja deksamethasoni, ambayo hupunguza makali ya kinga, ilipunguza vifo vya kifua kikuu cha utando wa ubongo katika utafiti wa Vietnam wa mwaka 2004. Msiikimbilie kwa kila mtu, lakini: utafiti wa mwaka 2023 wa Vietnam na Indonesia haukuona nafuu hiyo kwa wagonjwa wenye VVU.

Dkt_wa_Zamu
Naafiki, ila tusiitwishe kinga kila kitu. Shimo kubwa mara nyingi ni dalili pia ya kuchelewa kufika hospitali, na utapiamlo na kisukari vina sehemu yao. Mwenye kisukari kinga yake huchelewa kuamka, kisha huwaka kupita kiasi. Huyo fundi amepimwa sukari?

Kuhusu mama, jiandaeni mapema. Akianza dawa za kufubaza VVU huku akiendelea na za kifua kikuu, baada ya wiki chache homa inaweza kurudi na tezi kuvimba, kwa kuwa kinga iliyofufuka imevishtukia vimelea vilivyokuwamo siku zote. Ndugu zake watasema dawa zimemdhuru. Msizisimamishe kwa haraka. Hakikisheni kwanza kwamba anazimeza ipasavyo na kwamba hana vimelea sugu, ndipo daktari aamue kama prednisoloni, dawa ya jamii moja na deksamethasoni, inafaa. Na kabla ya kumwanzishia, mchunguzeni kama anaumwa kichwa au shingo imekakamaa, kwa maana ugonjwa ukiwa umefika kwenye utando wa ubongo, dawa za VVU hucheleweshwa kwa wiki 4 au zaidi.

Mwanafunzi_Wodini
Nashukuru sana. Faili la fundi halina kipimo cha sukari, na mama alianza kulalamikia kichwa jana jioni. Ninampigia daktari wa zamu sasa hivi.