Mtoto wa Shule ya Jumapili kaniuliza kama bibi yake atabaki nje ya safina. Nimjibu nini?

Fundi_Cherehani
Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Naomba ushauri, na wale wa kebehi leo mnipishe kidogo.

Niko Bagamoyo, usharika wa Kilutheri (sitautaja, tunajuana). Tangu Januari nimepewa darasa la wadogo, miaka mitatu mpaka saba. Mwalimu aliyekuwepo kaolewa Morogoro, basi likatoka tangazo kwamba mimi "nitashika kwa muda". Muda wenyewe ndio huu, mwezi wa nane. Kazi yangu ni kushona, ualimu sijausomea hata siku moja.

Watoto ni 34 Jumapili ya kawaida. Tunakaa nyuma ya kanisa chini ya mkungu, mikeka miwili, wanaobaki wanakalia kandambili zao. Mkungu nao msimu wake ukifika ni balaa. Nikisema "tufumbe macho tuombe" nasikia ko! ko! mtu anapasua kungu kwa jiwe.

Jumapili iliyopita niliwasimulia Nuhu. Nilijitahidi, tukalia kama mbuzi, kama kunguru, kama ngamia (hakuna anayejua ngamia analiaje, kila mtu alitoa lake). Binti mmoja wa miaka mitano akanyoosha kidole: "Na wale watoto wa nje?" Nikasema wazazi wao hawakumsikiliza Mungu. Akanyamaza, kisha: "Bibi yangu haji kanisani, anaswali. Na yeye atabaki nje?"

Nikasema tuimbe.

Mama yake mtoto ni mtu wa Kilimanjaro, baba ni mwenyeji wa hapa. Bibi mzaa baba anakaa nao, na ndiye anayemsuka Jumamosi na kumvalisha gauni la kanisani Jumapili. Jumanne kulinyesha kimvua cha dakika kumi. Mtoto katoka mbio hadi uani, kamshika bibi yake khanga, anamvuta ndani huku analia. Jumatano mama mtu kaja dukani kwangu, hakugomba, kaniuliza tu, "Dada, mmewafundisha nini?"

Halafu kuna hili jingine. Sikukuu ya Mikaeli na Watoto ni mwisho wa Septemba. Mzee mmoja wa kanisa anataka wakariri Zaburi ya 23 yote na Amri Kumi pamoja na maelezo ya Katekisimo Ndogo. Watoto wa miaka minne! Nimeanza na zaburi, tukafika "gongo lako na fimbo yako vyanifariji", mmoja wa chekechea akaniuliza fimbo inamfarijije mtu wakati ya shuleni inauma.

Nisaidieni.

Mzee_wa_Vocha
Mwambie akamuulize mchungaji. Ndiye anayelipwa.

Fundi_Cherehani
Ndio maana nilisema mnipishe.

Mwl_Ngamiani
Pole mdogo wangu. Mimi ni mwalimu wa chekechea Tanga, na Jumapili nafundisha kanisani pia, mwaka wa kumi na moja huu.

Kwanza, watoto wa miaka mitatu na wa saba si darasa moja. Wa saba anaweza kukaa na hadithi robo saa. Wa mitatu ukimpata dakika tano umshukuru Mungu. Tafuta kijana mmoja wa kipaimara akae na wale wadogo kabisa, wachore mchangani, waimbe. Na kungu usizipigie vita, hutashinda. Mimi kwetu ni maembe. Wape dakika kumi za kwanza waokote wapasue wale, ndipo ukae nao. Mtoto aliyeshiba kungu anasikiliza.

Sasa Nuhu. Hadithi uliishia wapi?

Fundi_Cherehani
Kusema kweli niliishia mlango ulipofungwa. Kengele ya kutoka ikalia, wazazi wakaanza kuwachukua.

Mwl_Ngamiani
Ndiyo hapo sasa. Mtoto wa miaka mitano hana "zamani za kale". Mvua ya Nuhu na mvua ya Jumanne kwake ni ile ile. Umemwacha kwenye maji na mlango umefungwa, hajasikia njiwa akirudi na jani la mzeituni, hajasikia upinde, hajasikia Mwanzo 9 ambapo Mungu anaahidi gharika ya namna ile hairudi tena. Mimi darasa la chini Nuhu naanzia humo humo ndani ya safina na kumaliza kwenye upinde. Waliobaki nje watawakuta wakikua. Muda ukiwa mfupi kata sauti za wanyama, mwisho usiukate.

Katekista_Mstaafu
Mwanangu, mimi ni Mkatoliki, nimefundisha watoto wa komunyo ya kwanza na wa Utoto Mtakatifu zaidi ya miaka thelathini. Shirika hilo lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 kwa wazo dogo tu, kwamba watoto wawaombee na kuwasaidia watoto wenzao. Nalitaja kwa sababu lilinifundisha kwamba mtoto anashika imani kwa kumpenda mtu anayemjua, ndipo maneno yanafuata.

Huyo binti hakuuliza swali la teolojia. Anauliza kama atatenganishwa na bibi yake. Mjibu hilo. Mwambie: Mungu anamjua bibi yako, anampenda kuliko wewe unavyompenda, na wewe unaweza kumwombea kila siku. Basi. Usiongeze.

Askari_wa_Msalaba
Katekista, hapo unapotosha. Yohana 14:6 iko wazi, hakuna njia nyingine. Tukianza kuwaficha watoto ukweli kwa kuogopa majirani, tumekwisha.

Katekista_Mstaafu
Yohana 14:6 naijua, kijana wangu. Yesu aliisema mezani usiku ule wa mwisho, akimjibu Tomaso, mtu mzima aliyekwisha kutembea naye. Watoto walipoletwa kwake aliwakumbatia na kuwawekea mikono, Marko 10. Kila mtu alipewa cha kwake.

Askari_wa_Msalaba
Bado sikubaliani. Ila kwa mtoto wa miaka mitano, sawa, hata mimi nisingeanza na moto.

Ustadhi_Magomeni
Asalaam aleikum, nawatakia kheri. Nasomesha chuo cha Kurani hapa hapa Bagamoyo, na swali hilo hilo huku kwetu lipo, limegeuzwa tu. Nina kijana ambaye mama yake anaimba kwaya. Aliwahi kuniuliza, nikamwambia kumtendea mema mama yako ni amri kwako, ya hukumu ni ya Mwenyezi Mungu. Akaenda zake kucheza mpira.

La kukariri msilidharau. Sisi watoto tunawaanzisha sura fupi za juzuu Amma, ile sehemu ya mwisho ya Kurani, na maana yake wanaipata baadaye. Lakini zinakwenda kidogo kidogo, kila siku, na mdomo wa mwalimu uko mbele. Kumpa mtoto mzigo wa wiki sita ili akatumbuize wageni siku moja ni jambo jingine hilo.

Na huyo bibi, dada, umeshakwenda kumwamkia?

Fundi_Cherehani
Sijaenda ustadhi. Naona haya.

Ustadhi_Magomeni
Nenda.

Kilutheri_Asilia
Huyo mzee wa Katekisimo mkumbushe kwa adabu kwamba Luther aliiandika 1529 ili mkuu wa nyumba aifundishe nyumbani mwake, kwa urahisi. Imeandikwa humo humo, juu ya kila sehemu. Mwambie aanze na wajukuu zake. (Natania. Siyo sana.)

Baba_Ngalawa
Fundi, tumia vya hapa. Nusu ya watoto wako baba zao ni wavuvi au mama zao wanakaanga samaki pale sokoni. Wape Luka 5, Petro kavua usiku kucha hakupata kitu. Niliisimulia nyumbani, mwanangu wa miaka sita akaniuliza Petro alikuwa na karabai ngapi. Nikasema hakuwa na karabai. Dada yake akamjibu: "Au ilikuwa mbalamwezi." Watoto wetu wanajua mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa. Mimi mwenyewe nimekwenda ibadani miaka yote sijawahi kumwonea huruma Petro kama siku ile.

Fimbo ya zaburi waonyeshe Mmasai akipita na ng'ombe. Fimbo ile ni ya fisi, na gongo ni la kumrudisha ndama njiani.

Mwenyeji_Dunda
Nyongeza. Kwa wale wakubwa kidogo, wapeleke siku moja pale misheni kwa Wakatoliki, pako karibu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868, na kati ya watu wao wa mwanzo walikuwemo watoto waliokombolewa utumwani. Waonyeshe msalaba na ule mbuyu. Ya minyororo acha mpaka wafike darasa la tano. Mimi nilionyeshwa nikiwa na miaka sita nikalala na taa mwezi mzima.

Fundi_Cherehani
MREJESHO. Ahsanteni nyote, hata wewe wa vocha.

Alhamisi jioni nilikwenda. Nilimkuta bibi uani anakuna nazi, mbuzi kaielekeza ukutani, mjukuu kakaa pembeni anadokoa machicha. Nikaamkia, nikapewa kigoda, nikaanza kujieleza huku jasho linanitoka. Bibi akanikatisha. "Nuhu? Nabii Nuhu mie namjua tangu sijaota meno. Huyu kanambia maji yanakuja, sikumwelewa."

Nikamwambia mtoto kwamba hadithi sikuimaliza, kosa ni langu. Nikamsimulia njiwa, jani, upinde. Nikamwambia na lile la katekista, kwamba Mungu anampenda bibi kuliko yeye anavyompenda. Akamtazama bibi yake, akauliza, "Kuliko mimi?" Bibi akasema, "Eti." Akarudi kwenye machicha. Nimeambiwa usiku analala.

Mzee wa kanisa tumekubaliana aya nne za kwanza za zaburi, kwa vitendo, na Amri Kumi bila maelezo kwa wale wa miaka sita na saba tu. Hakufurahi. Fimbo tumeipata kwa Mmasai anayelinda duka la jirani, na fisi kapatikana, wamegombania kuwa fisi mpaka nimeweka zamu.

Jumapili hii nimerudia Nuhu, safari hii mpaka mwisho. Nilipouliza safina ilitua wapi, binti yule yule kasimama kifua mbele: "Kwenye mlima Judi! Bibi kanambia." Biblia inasema milima ya Ararati. Ni Kurani inayosema Judi. Nikageuka, na yule mzee wa kanisa kasimama pale kwenye kona ya ukuta, kasikia kila kitu.

Nitafungua uzi mwingine.