Naomba ushauri: breki ya mbele kushoto inashika na haiachii

Habari zenu wakuu. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998. Nikiendesha kama nusu saa, gari linavuta kushoto na rimu ya upande huo inachemka, hata mkono hauwekeki. Ya kulia ni ya vuguvugu tu.

Fundi alifungua kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski), akasafisha zile pini zake na kuzipaka grisi, akafunga pedi mpya. Siku mbili tu, likarudi palepale. Sasa anataka ninunue kalipa ya mtumba.

Jana nilipiga jeki mwenyewe. Tairi lilikuwa gumu kuzunguka, lakini nilipolegeza nati ya kutolea upepo, mafuta ya breki yaliruka na tairi likaachia hapohapo. Nikafunga, nikakanyaga pedali mara tatu, likakaza tena. Hapo nikaanza kuushuku mpira wa breki (ule bomba laini unaopeleka mafuta kwenye kalipa) kuliko kalipa yenyewe. Kwa nje ni mzima, ila nadhani ndio uleule wa tangu kiwandani.

Je, mpira unaweza kuziba kwa ndani, ukapitisha mafuta kwenda na kuyazuia kurudi? Na pistoni ya kalipa ikiwa na kutu kidogo, kubadilisha sili tu kunatosha?